Adui wa Kuazima

Kwa idhini ya ngazi zote husika, ninayo heshima ya kutangaza kwamba kambi yetu ya jeshi la anga, tangu ilipoanzishwa, haijawahi kushindwa katika vita vyovyote. Kwamba haijawahi kupigana ni suala la kiufundi tu. Mimi ndiye Ofisa Uhusiano wa kambi, kwa hiyo najua.

Tuna ndege mbili. Moja huruka siku za sherehe. Nyingine huipatia vipuri.

Kwa ajili ya jubilei, Wizara iliagiza zoezi kubwa la kivita. Kasoro ilikuwa moja: hatukuwa na adui. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaamua kuazima wakazi wa mtaa ulio ng'ambo ya uzio, kwa kuwa wangeweza kuvamia kwa miguu na kutuokolea dizeli.

Wakazi walimtuma mkunga wao awe jemadari. Uzio wetu, tuliporefusha njia ya kurukia ndege, ulikata kijia chao cha kwenda zahanati, na tangu hapo walikuwa wakizunguka kambi nzima. Mkwe wake alishikwa na uchungu akajifungulia njiani, kando ya uzio huohuo. Mtoto alipona. Mama hakupona. Kambi ilituma rambirambi, nazo pia zilizunguka.

Mkunga aliuliza swali moja tu: adui akishinda, itakuwaje?

Mkuu wa Kambi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Ukishinda, mama, kambi ni yako. Utatoa amri unazotaka."

Waziri alilipenda jibu hilo, akaliingiza kwenye masharti ya zoezi.

Siku ilipofika, walinzi wote walitazama juu, maana sisi ni jeshi la anga. Adui akaingia kwa mlango wa jikoni, amebeba mchicha kama kila asubuhi. Mpishi, ambaye ni mpwa wa mkunga, alimwamkia shangazi yake, akampokea mzigo, akamwonyesha ofisi zilipo. Mkuu alikamatwa bafuni, povu kichwani. Aliomba taulo. Alipewa, kwa mujibu wa sheria za kimataifa za mateka. Mwamuzi wa zoezi akatangaza kambi imetekwa.

Mkunga hakutaka gwaride. Alitaka uzio ukatwe pande zote mbili, pale kijia kilipokuwa. Wanajeshi wakaukata. Ilikuwa amri ya kwanza katika historia ya kambi kutekelezwa bila kuundiwa kamati ndogo. Kina mama wakaanza kuvuka na watoto mgongoni, wengine wakienda taratibu, mkono kiunoni, kama wasioamini kwamba hakuna atakayewafukuza.

Ndipo msafara wa Waziri ukafika langoni. Mlinzi aliuliza kwa redio afanye nini. Nilimtazama Mkuu. Mkuu, ndani ya taulo, akamtazama mkunga.

"Mwambieni azunguke," alisema mkunga.

Gari halikuweza kupita kwenye matope ya njia ya kuzunguka, kwa hiyo Mheshimiwa alizunguka kwa miguu. Jua lilimchapa, miiba ikamrarua suruali. Alitufikia kwenye zahanati, tulikokwenda na mkunga, amechoka hoi, kiatu kimoja mkononi, akauliza kwa hasira ni mpumbavu gani aliyejenga uzio ule.

Mkuu alikuwa mateka, na mateka hafungwi na itifaki. "Ni wewe, Mheshimiwa," akamjibu. "Utepe wa uzinduzi uliukata mwenyewe."

Mkunga alimletea Waziri maji, akamkalisha kwenye benchi la zahanati, mwisho wa foleni.

Wizara imetangaza kwamba zoezi lilifana sana. Pia imetuagiza, kwa siri, tuikomboe kambi mara moja kwa nguvu zote. Niliwakusanya wanajeshi uwanjani, nikawaomba wajigawe pande mbili, wakombozi na adui. Wote walikwenda upande wa adui, Mkuu akiwa mbele.

Upande wa serikali nipo mimi. Naomba niongezewe watu.