Uzi wa Zambarau Kwenye Lesi ya Kijani

Leo nimetahayari mbele ya wanawake wa Bububu nzima. Nakuhadithieni mwenyewe kabla hamjahadithiwa na wengine, maana wao watatia chumvi.

Mnajua mie nilikuwa mnene. Sukari ikanikondesha, ngozi ya mikono ikabaki inaning'inia kama mapazia. (Marehemu mume wangu akiilalia mikono ile, akiiita mito yake. Angekuwepo nisingeigusa.) Nikaenda bara, daktari akaipunguza, akaishona. Watu nikawaaga nnakwenda kutazamwa macho.

Daktari alinionya. "Nyuzi za ndani huyeyuka zenyewe. Ukiona ncha imechomoza usiivute, nenda spitali wakaikate." Leo asubuhi nikaiona karibu na kwapa, ya zambarau, imesimama kama sharubu la paka. Nikasema nitakwenda kesho, nikavaa gauni langu la lesi ya kijani. Leo kuna harusi ya mjukuu wa shoga yangu, na gauni la bi harusi nimelishona mie.

Naam, mie. Skuli sikukaa. Nilikaa kwenye cherehani ya mama, barazani kwetu Kidichi, karafuu zimeanikwa uani zinanukia mpaka ndani ya vitambaa. Mama akiona uzi mmoja unaning'inia, ananifumulia nguo nzima nianze upya. Nililia sana. Lakini kwa mshono huo nimesomesha watoto na nimejenga nyumba.

Basi taarabu ikaanza, nyimbo za zamani. Zile tukienda kuzisikiliza na mume wangu, yeye upande wa wanaume, ananitafuta kwa macho mpaka anipate. Nikajisahau. Nikanyanyuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji, mkono juu, kiuno kinakumbuka.

Nyuma yangu alikuwa Bi Salma, fundi mwenzangu. Tunanyang'anyana wateja tangu usichana.

"Bi Rukia, hebu simama. Una uzi unaning'inia mkononi."

"Uache."

"Niuache vipi, fundi mzima? Tena lesi ya kijani unaishona kwa uzi wa zambarau? Si juzi tu umetoka kutazamwa macho?"

Wanawake wakaangua kicheko. Yeye akaukamata uzi uliopenya kwenye tundu la lesi, akavuta.

Wallahi niliona nyota mchana. Nikapiga ukelele, wapigaji wakanyamaza.

"Mshono gani huu ukivutwa unalia?" mmoja akauliza.

Bi Salma keshashika kichwa, anawaambia walio karibu: "Masikini, uzee. Sijui gauni la bi harusi litafika jioni." Nikamwona mama wa bi harusi anageuka kumtazama mwanawe, kwenye mishono.

Hapo nikakata shauri. Nikaupandisha mkono wa gauni mpaka begani, kovu lote likaonekana.

"Tazameni vizuri. Nimekatwa mikono ili nipendeze, na uzi huo kautia daktari. Wangu hauning'inii."

Bi Salma akavaa miwani, akainama, akalifuata kovu kwa kidole toka kwenye kiwiko mpaka kwapani, kama anavyokagua pindo.

"Mh," akasema. "Hapa hakufunga fundo."

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika Mjini. Na mie nilicheka, machozi yananitoka, ya maumivu na ya mengine.

Spitali nesi kaukata uzi, kanipaka dawa, kanambia nisinyanyue mkono. Sasa mikono yangu ichekeni mpaka mchoke. Atakayelicheka gauni la bi harusi, huyo tutaonana.