Njia Tatu za Kuipata Bastola ya Merle

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimeamua. Bastola ya Merle itakuwa yangu kabla theluji haijaanguka.

Merle Kleckner alikufa kiangazi hiki, Mungu amweke panapomstahili. Miaka yote alikuwa akinionyesha hiyo bastola kila Jumamosi barazani kwake. Mpini wa mti wa mjozi, chuma kinang'aa kama kipara cha mchungaji. Ananionyesha, hanipi. Nikinyoosha mkono anaifuta, anaifunga kwenye kitambaa chake, ananiambia nitaishika siku atakayokufa. Haya, amekufa. Ahadi ni deni, hata kama mdaiwa yuko kaburini.

Nikavaa shati lenye vifungo vyote, nikaenda kwa mjane wake, Verna. Akanipa pai ya molasi. Nikala kipande kimoja kwa heshima ya marehemu, cha pili kwa heshima yangu. Nikamwambia naitaka bastola na nitalipa vizuri. Akasema yeye hana neno, ila bastola katika jimbo hili haipiti mkono kwa mkono. Lazima twende kwa muuzaji mwenye leseni au ofisi ya sherifu. Wapige simu huko juu, waambiwe kwamba mimi si mhalifu, ndipo nipewe.

Nilicheka. Mwaka juzi tu nilimuuzia jirani bunduki ndefu ya kuwindia kulungu nje ya duka la mbegu. Tukashikana mikono, tukaagana. Verna akasema bunduki ndefu sawa, bastola hapana, ndiyo sheria ya Pennsylvania. Yaani kitu kinachoangusha dubu ng'ambo ya bonde ni ruhusa, kitu kinachotoshea kwenye kofia mpaka serikali ijue! Waliotunga sheria hii walikuwa wamekula nini?

Si kwamba naogopa kuchunguzwa. Mimi ni msafi kuliko shati langu. Tatizo ni milango yenyewe. Muuzaji mwenye leseni hapa bondeni ni mmoja tu, Elwood Fetterolf. Na kwenye dirisha la ofisi ya sherifu anakaa Darlene.

Darlene alikuwa mke wangu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimejikaza, nimekwenda kwa Elwood. Sikuwa nimekanyaga duka lile tangu msimu ule wa kuwinda nilipolipiga risasi gari langu mwenyewe. Lilikuwa limesimama vibaya, nyuma ya kulungu. Lingeweza kumtokea yeyote. Elwood alinitangaza mpaka kaunti ya pili.

Leo sijaufunga hata mlango, akawageukia wateja.

"Jamani, nani kaegesha nje? Akalitoe gari lake. Mzee Harlan kaingia."

Mmoja akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Nikajifanya nimekuja kuangalia kalenda. Nikaiangalia sana hiyo kalenda. Kabla sijatoka nikaona juu ya kaunta sanduku jipya la kioo, tupu, ndani limetandikwa mahameli mekundu. Nikauliza la nini. Elwood akasema ni la bastola ya Merle. Ameshamwomba Verna, anangoja jibu, ataiweka hapo watu waje kuiangalia.

Waje kuiangalia! Na mimi nisimame kwenye foleni na watalii kutoka Philadelphia!

Basi ni vita.

Jumatano, 5 Novemba

Maktaba. Mara ya mwisho niliingia kujikinga mvua. Bibi Ruthanne, anayetunza vitabu, akadhani nimepotea njia. Nikamwambia nataka sheria ya bastola, yote, hata maandishi madogo. Akaniletea. Shule niliiacha darasa la nane, nayo haikunifuata, kwa hiyo nilisoma kwa kidole, polepole, midomo ikicheza. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti akahama meza.

Adhuhuri nikaipata. Almasi! Mume na mke hawaendi kwa muuzaji. Mzazi na mtoto hawaendi. Babu au bibi na mjukuu hawaendi. Hao wanapeana bastola jikoni kama wanavyopeana chumvi.

Kwanza nikafikiria njia rahisi. Nikamwuliza Ruthanne kama Verna anaweza kuniasili niwe mtoto wake. Nina miaka sabini na minne, Verna sabini na mmoja. Ruthanne akavua miwani, akanitazama, akaivaa tena. Akasema pengine mahakama itanisikiliza, lakini nikishakuwa mtoto wa Verna itabidi ninawe mikono nikiambiwa.

Njia hiyo nimeiacha.

Imebaki mume na mke.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimenyoa. Nimejikata pahali pawili tu. Maua sikununua, maua hufa. Nimebeba soseji ya kulungu, urefu wa mkono.

Verna alikuwa anakoroga kabichi chachu. Nikamweleza kwamba mwanadamu hakuumbwa akae peke yake, hasa kipindi hiki cha baridi. Akaendelea kukoroga. Nikamweleza kwamba kuni zake zinahitaji mwanamume. Akasema ana mashine ya kupasulia. Nikaona mambo yanakwenda kombo, nikatoa ile karatasi ya maktaba, nikamsomea sheria yote kwa sauti, mume na mke, mzazi na mtoto, bibi na mjukuu, mpaka nukta ya mwisho. Sijawahi kumsomea mwanamke kitu kirefu hivyo.

Akaweka mwiko chini.

"Harlan, umekuja kunioa mimi au umekuja kuioa bastola ya Merle?"

"Vyote viwili, Verna."

"Angalau nusu yake hujanidanganya."

Akaketi. Akasema nyumba imekuwa kimya kupita kiasi. Akasema Merle alikuwa na ubishi kuhusu kila kitu, hata hali ya hewa baada ya mvua kunyesha, na tangu aondoke hakuna anayembishia humu ndani. Nikamwambia si kweli, redio inabisha. Akacheka. Akasema mtu wa namna hii ndiye anayemfaa, ila ana masharti. Viatu vya matope vibaki nje. Mashahidi atawachagua yeye. Nikakubali mara moja. Mashahidi ni nini kwa mtu anayepata bastola?

Mchungaji nimemkataa, maana ni shemeji yake Elwood na mdomo wake hauna kitasa. Kwa bahati jimbo hili lina kibali cha kizamani cha watu kujiozesha wenyewe, bila kasisi wala hakimu, mashahidi wawili tu. Jimbo lisiloniamini kwa bastola linaniamini nijiozeshe! Nani anaelewa?

Ijumaa, 7 Novemba

Jengo la mahakama na Verna. Kibali cha ndoa kinatolewa kwenye ofisi ileile inayoshughulikia wosia za marehemu. Nimeona hekima yake.

Karani akataka hati yangu ya talaka. Hati gani! Ile niliwashia jiko siku nilipoipata. Akasema bila hati hakuna ndoa, nizunguke upande wa pili wa ukumbi, pengine mtalaka wangu anayo.

Basi mimi, niliyepanga yote haya ili nisisimame kwenye dirisha la Darlene, nikasimama kwenye dirisha la Darlene.

Anayo. Ameitia fremu. Imening'inia ukutani juu ya kichwa chake, kati ya bendera na picha ya mbwa wake. Akauliza naitakia nini. Nikasema naoa. Akauliza kwa nini. Nikasema mapenzi. Alicheka mpaka askari mmoja akatoka chumba cha ndani, mkono kiunoni, kuangalia kuna nini.

Akaishusha, akaipangusa vumbi, akanipa.

"Iangalie kama yai, Harlan. Hiyo ndiyo karatasi pekee nzuri uliyowahi kuniletea."

Nikaipeleka kwa karani, nikairudisha nzima nzima. Verna alikuwa kwenye benchi, anafunika mdomo kwa leso. Amesema ni mafua.

Lakini kibali hakitoki leo. Sheria inataka siku tatu za kungoja. Bastola mtu anaweza kuuziwa na kuondoka nayo papo hapo akishapita uchunguzi. Mke, siku tatu. Nimemwuliza karani kama wanahofia nitamtumia vibaya. Hakucheka. Serikali haina meno ya kuchekea.

Jumatatu, 10 Novemba

Habari imefika kwa Elwood. Nilipita mbele ya duka lake kwa makusudi, polepole, mikono mfukoni, napiga mluzi. Nilitaka nione uso wake ukikunjamana.

Haukukunjamana. Alitoka nje, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanipongeza. Akasema anafurahi sana familia zinavyokaribiana. Kisha akarudi ndani kulifuta lile sanduku la kioo.

Mtu aliyeshindwa halifuti sanduku. Nimewaza njia nzima. Nimeamua ni huzuni. Huzuni humpiga kila mtu kwa namna yake.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeoa.

Jikoni kwa Verna, kabla ya chakula cha mchana. Kukaja mashahidi. Wa kwanza Darlene, amevaa gauni la njano kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Wa pili Elwood. Nilitaka kupinga, nikakumbuka masharti. Brynn alikuwepo pia, mjukuu wa Verna, binti wa miaka ishirini na minne anayechomelea vyuma kwenye karakana ya matrekta. Mikono yake inaizidi yangu ya wakati wa ujana wangu.

Nikasema namchukua Verna. Verna akasema ananichukua hivyo hivyo nilivyo. Darlene akaweka sahihi. Akamnong'oneza Verna kitu, wote wawili wakanitazama miguuni. Nilikuwa nimesahau kuvua viatu.

Keki haijakatwa, nikamwambia mke wangu, kwa upole kabisa, kwamba sasa sheria imetimia, akalete kile kitambaa cha Merle.

"Nilimpa Brynn jana," akasema.

Nikadhani masikio yangu yamezeeka.

"Bibi kwa mjukuu. Uliponisomea ile karatasi, Harlan, wewe ulisikia mke. Mimi nikasikia mjukuu."

Akaendelea bila haraka. Merle ndiye aliyemfundisha Brynn kulenga, alipokuwa hafikii hata dirisha hili. Alitaka sana Brynn aachiwe bastola, ila hakuandika popote, na yeye Verna alikuwa anawaza kwamba lazima wapitie dukani, Elwood atie maneno. Sasa ameelimishwa. Akanishukuru. Alinishukuru kwa dhati! Brynn naye akanikumbatia, nikasikia mbavu zikiitikia.

 Elwood alitabasamu tu, akaomba kipande kikubwa cha keki.

Nikavuta kiti, nikala. Supu nzito ya kuku na tambi pana, bakuli mbili. Nisiseme uongo humu, hakuna anayesoma: ni tamu kuliko kitu chochote nilichokula tangu mama yangu afe. Jioni tulibishana kuhusu mwezi, kama umejaa au bado. Mimi nilisema bado. Niliongea sana. Sikumbuki mara ya mwisho kuongea hivyo na mtu aliyenijibu.

Lakini bastola sina.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeamka na akili mpya. Nimeisoma tena ile karatasi kwa kidole, chooni, Verna asinione.

Sikilizeni mantiki. Brynn ana bastola. Brynn akiolewa, mke anaweza kumpa mumewe. Na kama huyo mume ni mjukuu wangu Tanner, mtoto wa binti yangu, kijana mzuri asiye na mke, ana lori na karibu meno yote, basi Tanner anaweza kumpa babu yake. Mke kwa mume, mjukuu kwa babu. Hakuna duka. Hakuna dirisha. Hatua mbili!

Nikampigia. Nikamwalika Jumapili, nyama ya nguruwe na kabichi chachu. Nikamwambia avae shati safi. Akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna nyama ya nguruwe.

Nikamwambia Verna aongeze sahani mbili, ya Tanner na ya Brynn. Akasema basi iwe tatu, maana Brynn atakuja na mchumba wake. Nikauliza mchumba gani. Akasema kumbe sijui, bonde zima linajua, wamechumbiana tangu Pasaka. Cody. Cody Fetterolf, mjukuu wa Elwood.

Nikakaa chini. Mke kwa mume. Mjukuu kwa babu. Hatua mbili, moja kwa moja mpaka kwenye mahameli mekundu. Ndiyo maana alikuwa anafuta sanduku, nyoka yule! Naye amesoma ile karatasi!

Verna akauliza mbona nimebadilika rangi. Nikasema ni moshi wa jiko. Nikampigia Tanner tena. Nimemwambia asije Jumapili, aje kesho, na aoge.

Uchumba si ndoa.