Nilivyowapatanisha Watu Kuhusu Joto la Ziwa

Jamani, leo nimeaibika, tena na maikrofoni mkononi.

Mnajua nilikuwa nasubiri ile kazi ya ukalimani. Miezi sita, mradi wa mazingira, kitambulisho cha kuvaa shingoni. (Mama ameshawatangazia majirani. Asubuhi kanipigia pasi hadi soksi.) Leo ndiyo siku ya kujaribiwa: mkutano hapa Ujiji, wavuvi upande huu, wakimbizi wa Burundi walioletwa kutoka kambini upande ule, na katikati mtaalamu kutoka Dar, aliyetaka kusikia kila upande unasemaje kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kirundi nilikiokota Kagunga, kule mpakani na Burundi, nikilangua dagaa. Kinatosha.

Akaanza Mzee Rashidi, mvuvi wa Katonga. Akasema ziwa limepata joto, dagaa wamekimbilia chini, mvua haijui tena zamu yake. Sababu? Misitu imeishia kwenye mafiga ya wakimbizi. Mambo ya moshi wa viwanda vya Ulaya, akasema, ni hadithi za redioni.

Nikamgeukia Mama Konsolata, msemaji wa wakimbizi. Moyo ukaniuma. Mtu amekimbia vita, leo aambiwe amechemsha ziwa? Nikamwambia kwa Kirundi kwamba Mzee anawakaribisha, na anasikitika kuhusu mvua.

Mama akaniangalia kidogo. Kisha akajibu kwa Kirundi, taratibu: "Kwetu pia mvua imeharibika, na huko hakuna kambi. Muulize huyo mzee, kifungu changu cha kuni ndicho kimelipasha moto ziwa lote? Na mkaa nani anaununua kama si wao wa mjini?"

Mimi, kwa Kiswahili, sauti ya taarifa ya habari: "Mama anashukuru kwa ukarimu. Anasema hoja ya Mzee ni nzito."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. (Nikadhani vumbi.)

Tukaenda hivyo nusu saa nzima. Mzee akiwaita waharibifu, mimi nawaita ndugu. Mama akimwita Mzee mbishi asiyeona mbele ya wavu wake, mimi namwita mwenye hekima. Wavuvi wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Nikajua wameguswa. Nilishajiona Ulaya, nimeketi katikati ya marais wawili waliokorofishana, nimevaa soksi zilezile.

Mtaalamu akasema hajawahi kuona watu wenye mawazo tofauti wakielewana upesi hivi. Ataandika kwamba pande zote zimekubali chanzo ni kuni za wakimbizi.

Hapo Mama Konsolata akasimama. Akasema Kiswahili. Kizuri kuliko changu.

"Hilo usiandike, baba. Huyu mtoto hajatafsiri hata neno moja."

Mzee Rashidi naye akadakia: "Ni kweli. Mimi Muha, Kirundi nakisikia chote. Mama kanisema tangu mwanzo, na kwenye mkaa kanipata."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kumbe nusu yao Waha! Kiha na Kirundi ni mtu na mdogo wake. Nimezaliwa hapa, nalijua hilo, lakini maikrofoni ilinisahaulisha. Aliyehitaji mkalimani alikuwa mtu mmoja tu, yule mtaalamu, na ndiye niliyemdanganya.

Nikamuuliza Mama kwa nini basi hakusema Kiswahili mapema.

"Walituambia kuna kijana anajaribiwa kazi," akasema. "Nikaona nisikuzibie riziki. Lakini kubebeshwa ziwa zima kwa ajili yako, hapana, mwanangu."

(Machozi yalikuwa karibu. Nikajifanya napangusa maikrofoni.)

Mtaalamu akafungua ukurasa mpya, akauliza kama kuna jambo lolote ambalo pande zote mbili zinakubaliana kweli. Mzee na Mama wakatazamana.

"Huyu kijana akae chini," akasema Mzee.

"Na apewe chai," akasema Mama.

Likaandikwa. Kuhusu ziwa nimewaacha bado wanabishana, bila mkalimani, wanaelewana kila neno.

Kazi nimeikosa. Nanyi mnaocheka, chekeni tu. Nitamtafsiria mama yangu nyumbani kwamba mmesema hongera.