Karatasi Moja ya Kujaribia

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu wa chekechea ametamka: anayetaka kazi ya kuchapa mitihani alete Ijumaa nakala arobaini safi za mtihani wa wiki ijayo, aliotugawia kwenye flashi. Nikiipata, nitafanyia kazi hapa hapa nyumbani, mwanangu Bonge akiwa mgongoni. Nikiikosa, mwezi ujao narudi kiwandani kufunga sabuni, na mtoto wa miezi minane abaki kwa wifi, anayempa soda kwa kijiko. Siwezi! Wifi naye anaitaka kazi. Ana printa ya wino wa maji. Kaniuliza, wifi yangu mpenzi, wewe utachapa kwa mkaa? Nimecheka kwa meno tu.

Jumanne, 4 Machi
Duka la kompyuta, kuchagua printa ya leza ya bei nafuu. Nafuu kwa nani, sijui. Muuzaji, baba mwenye miwani machoni na mingine kichwani, akasema usiuziwe mbuzi kwenye gunia, mama, leta flashi ujaribu. Nikampa mtihani. Jamani! Sijapepesa macho, karatasi hii hapa, ina joto kama nepi iliyotoka kupigwa pasi. Nikalamba kidole, nikasugua. Wapi! Haikuchafuka. Akasema ndani hamna wino wa maji. Ni unga mweusi. Mwanga unauonyesha pa kukaa, moto unaugandisha. Unga, mwanga, moto! Na vyote hivyo kuandika “Hesabu bata.” Nikabaki mdomo wazi mpaka Bonge akatia kidole.
Ndipo wazo likanijia. Nikasema nzuri, ila ningependa kuiona na ile ya pembeni. Na ile pale. Nimetoka na nakala saba. Bure! Akaomba abaki na moja zaidi, ni safi mno. Nikamwachia. Mimi si mchoyo.

Jumatano, 5 Machi
Maduka matano. Mwenye mtoto mgongoni haambiwi hapana. Kuna printa ndogo kama sanduku la viatu, inatema kurasa haraka kuliko ninavyozihesabu. Nyingine inageuza karatasi yenyewe, upande wa pili, bila kuambiwa! Mume wangu huambiwa mara tatu. Muuzaji mmoja akauliza mbona unachapa kitu kile kile. Nikasema mizani ni moja, baba, vya kupimwa ndivyo vingi. Akaniita mtaalamu. Nakala arobaini zimetimia!

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwisha. Lile duka la kwanza wamebandika mtihani wangu kwenye kioo cha mbele, na juu yake: TAZAMA USAFI HUU! Kina mama wa chekechea wamejaa barazani. Mmoja anamkaririsha mwanawe, bata ni saba, sema saba. Wifi naye yupo, anapiga picha. Kanipa hongera, eti nimechapia mji mzima.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu mkuu kaniita pamoja na wifi. Nimekiri yote, maduka yote. Kisha nikamwambia, adhabu nitaipokea, mwalimu, lakini mwanangu simwachi. Alikuwa ametoka kunawa, vidole vingali na maji. Akapitisha kidole kwenye karatasi ya wifi. Bata akaota ndevu. Akapitisha kwenye yangu. Bata yule yule, kavu, mzima. Wifi akatazama dari. Mwalimu akasema mtihani huu umekufa, ila Jumatatu atakuja kwangu na mwingine, nichape mbele ya macho yake, kwa mashine yangu mwenyewe. Nikasema ndiyo, mwalimu. Mashine gani?

Jumamosi, 8 Machi
Ninayo! Kina mama waliofuata bata wamenunua leza zote dukani. Imebaki ya maonyesho, kifuniko kimekwaruzika, muuzaji kaniachia nusu bei kwa shukrani. Tumeiwasha. Ikaunguruma taratibu, Bonge akaacha kulia. Karatasi ikatoka, ya moto, nyeusi kwa nyeupe. Mume wangu kavua kofia.
Tatizo dogo: tona iliyomo, ule unga mweusi, ni ya kuanzia tu, haifiki nakala ishirini. Sina wasiwasi. Mtaa wa pili wanauza tona, na kesho wanafungua. Nimeuliza kama mteja anaweza kujaribu kwanza. Wamesema leta mashine, mama, jaribu mpaka uridhike.
Mimi huwa siridhiki upesi.