Gari la Propela na Zamu ya Miwa

Jumatatu, 5 Machi 1979

Nimerudi kutoka Lugari. Niliondoka na baiskeli, nimerudi kwa miguu. Lakini nimerudi na nini! Gari! Gari la kuchezea la Wazungu, la bati, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Rangi ya samawati, au ilikuwa samawati. Nyuma lina propela ya mti kama ya ndege, na injini ndogo kama kidole gumba. Injini ya kweli! Inakunywa mafuta, inanguruma, propela inapiga upepo, upepo unalisukuma gari. Unalifunga kwenye nguzo, linazunguka lenyewe.

Mama Jepkemboi alikuwa nalo kwenye banda la kuku. Marehemu mumewe aliendesha trekta la Mzungu aliyekuwa na shamba lile, na Mzungu alipoondoka aliacha takataka zake. Takataka! Kuku alikuwa amelalia mayai ndani. Tulimwomba atoke. Hakutaka. Nina alama mkononi.

Katika magari yangu yote ya propela, hili ndilo pekee lenye uhai. Mengine ni mifupa. Moja halina magurudumu, lingine halina injini, lingine ni propela tu, ingawa ni propela nzuri sana.

Mke wangu Milcah hakuliangalia. Aliangalia nyuma yangu, akauliza baiskeli iko wapi. Nilimweleza taratibu kwamba tumebadilishana. Akainua macho kwenye paa, pale nyasi zilipooza hata mtu anaona mbingu. Kisha akasema neno lake bila kupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Mwaka huu mvua haitamkuta chini ya nyasi hizi. Miwa ikatwe, mabati yanunuliwe. La sivyo atamchukua mwanetu Nekoye na mdogo wake warudi kwa mama yake Khwisero, mimi nibaki na magari yangu.

Miwa yetu imepita wakati. Imechanua! Siku hizi kila mtu amepanda miwa, walimu, makarani, hata fundi wa redio na saa kama mimi, na kila mtu anangojea zamu yake ya kukatiwa na kiwanda cha sukari. Mawingu yamekaa juu ya msitu tangu asubuhi. Siwezi kutulia. Nimezunguka nyumba mpaka Milcah akaniambia nitafute mahali nikae.

Usijali, Milcah. Nina mpango.

Jumanne, 6 Machi

Mpango ni huu. Zamu inapangwa na Bwana Kibiwott, msimamizi wa mashamba wa kiwanda. Bwana Kibiwott anapenda mashine. Nimemwona kwa macho yangu akipangusa pikipiki yake kwa leso yake mwenyewe, halafu akajipangusa uso. Mtu wa namna hiyo akiliona gari langu likikimbia, moyo utalainika, na zamu yetu itasogea mbele. Wengine watumie kuku. Mimi nitatumia sayansi!

Shida ni mafuta. Injini hii hainywi petroli. Inataka spiriti kali na mafuta ya mbarika, yale ya kusafisha tumbo. Katika duka la dawa pale mjini Kakamega niliomba chupa kubwa kuliko zote. Muuzaji akauliza ni nani aliyefunga choo kiasi hicho. Nikasema ni familia. Akanipa pole.

Spiriti inapatikana mahali pamoja tu, kwa Mama Selpher mpika pombe, nyuma ya soko la Lubao. Nilimwomba ile chang'aa ya kwanza kudondoka, kali kabisa. Nilipitia uchochoroni, kofia imeshuka mpaka puani, mimi mtu wa kanisa! Na nani ameketi pale kwenye kigogo? Osundwa! Jirani yangu, ambaye shamba lake la miwa na letu yanatenganishwa na njia ya trekta tu. Alisema amekuja kufuata sufuria yake. Nikasema ninachukua dawa ya gari. Alicheka mpaka akatoa machozi.

Osundwa naye ana gari la propela. Jekundu! Propela ya shaba, magurudumu yote ya mpira, injini haijaguswa. Alilipata kwa bahati ya kipumbavu kwenye mnada wa Mzungu mmoja. Analifanyia nini? Ameliweka juu ya kabati sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, kati ya picha ya harusi na maua ya plastiki. Hajaliwasha hata siku moja! Nikienda kwake kunywa chai, chai hainipiti kooni. Leo nimemwomba tena tubadilishane. Akasema eti mimi nasumbuanga watu, na kwamba langu si gari, ni kiota.

Akaondoka bila sufuria yoyote. Lakini kwanza alinidokeza kwamba Alhamisi Bwana Kibiwott atakula kwake. Mjanja huyo!

Jumatano, 7 Machi

Injini inataka umeme kidogo ili ishike moto. Nimetoa mawe ya betri kwenye redio. Nilidhani Milcah hatajua. Saa ya matangazo ya vifo ikafika, akawasha, kimya. Milcah hapitwi na matangazo ya vifo. Akasema kama kuna mtu wa kwao amekufa na yeye hakwenda kuzika, aibu itakuwa juu yangu. Nikamhakikishia hakuna aliyekufa. Akauliza nimejuaje.

Nikazungusha propela kwa kidole. Wapi! Tena. Wapi! Mara ya tatu ikanipiga kidole, nikaruka, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Tena. Ikawaka!

Loo, sauti yake! Kuku wote mbio. Jogoo alipanda mparachichi na mpaka sasa hajashuka. Bibi Muhonja wa ng'ambo ya ua alitoka akipiga sufuria, akidhani nzige wamekuja. Moshi ulinuka chang'aa na hospitali pamoja. Nilicheza peke yangu uani. Nilisahau mvua, nikasahau paa, hata Osundwa nilimsahau. Milcah alikuwa mlangoni. Nadhani alitabasamu. Nilipomuuliza akasema ni jua lililomwingia machoni.

Kidole kimevimba.

Alhamisi, 8 Machi

Osundwa amechinja ingokho, kuku wa mgeni. Harufu ilivuka njia ikaja kunitukana nyumbani kwangu. Nilishika kikombe nikaenda kuazima chumvi, ingawa chumvi tunayo. Nikakuta mlima wa obusuma, ule ugali wetu, kuku mzima, na Bwana Kibiwott amekalia kiti cha Osundwa mwenyewe. Na nikamwona Osundwa, kwa mkono wake, akichukua firigisi na kuiweka kwenye sahani ya mgeni.

Firigisi! Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mtoto akiidokoa anachapwa. Ukimpa mtu firigisi yako humbakishii kitu. Utashindana vipi na jambo kama hilo? Nilirudi na kikombe changu kitupu.

Lakini sikukata tamaa. Nilimngojea Bwana Kibiwott kwenye pikipiki yake. Alipotoka, akichokoa meno, nikamweleza habari ya gari. Macho yakamtoka! Atakuja Jumamosi, pale mwisho wa mashamba yetu mawili, njia inapopanuka ili matrekta yageuke. Alitaka kuniambia jambo, eti mke wangu alifika ofisini. Nikamkatiza kwa heshima. Gari kwanza, maneno baadaye. Mwenye mpango hayumbishwi.

Ijumaa, 9 Machi

Sina waya wa kufungia gari kwenye nguzo. Ule wa kuanikia nguo Milcah ameuficha, na amekataa kusema wapi. Sokoni nimekosa. Nimechukua kamba ya katani ya mbuzi. Nimeivuta kwa nguvu zangu zote, haikatiki. Milcah akasema mbuzi ameitafuna pale katikati. Nikamwambia kutafunwa kidogo hakuna neno.

Ngurumo upande wa Mukumu. Hakuna tone. Nimetoka nje kutazama mawingu mara nyingi, mpaka Nekoye akaniuliza kama kuna mgeni tunamngoja. Tunamngoja Bwana Kibiwott, nikamwambia. Baada yake, mabati. Akaruka ruka. Nimemwahidi mtoto!

Jumamosi, 10 Machi

Ole wangu.

Bwana Kibiwott alifika na pikipiki inang'aa. Osundwa naye akaja bila kualikwa, amefunga mikono kifuani. Milcah alisimama kando na watoto. Nikajaza tangi. Nikaongeza chang'aa kidogo, kwa heshima ya mgeni. Propela ikashika mara moja!

Likazunguka. Mungu wangu, lilivyozunguka! Vumbi, moshi, mlio! Bwana Kibiwott alishika kofia yake akacheka kama mtoto. Hata Osundwa alifungua mikono. Nilikuwa nafungua mdomo nilitaje suala la zamu. Hapo kamba ikakatika, palepale alipotafuna mbuzi.

Gari likaenda moja kwa moja ndani ya miwa ya Osundwa. Mlio ukazima. Tukatazamana. Kisha moshi. Kisha moto! Majani makavu ya miwa hayahitaji kubembelezwa. Watu wakaja na matawi, na madebe, na kelele. Nilimpigia Osundwa ukelele tuokoe shamba lake. Mwenzangu ameketi juu ya jiwe! Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake. Kwetu halikuungua hata jani moja.

Sikuelewa kwa nini haendi kuzima. Nilielewa baadaye, na kila anayelima miwa hapa angeelewa kabla yangu. Miwa iliyoungua haingoji zamu. Ikikaa, sukari inaharibika. Lazima ikatwe mara moja! Kuna watu wanaochoma yao usiku kwa makusudi wapite foleni, na wakijulikana wanaadhibiwa. Lakini Osundwa hajachoma. Nimemchomea mimi, mbele ya msimamizi, mchana kweupe.

Bwana Kibiwott akaandika palepale. Wakataji na matrekta, Jumatatu, shamba la Osundwa. Kisha akanigeukia, akacheka kidogo, akasema alitaka kuniambia tangu Alhamisi. Jumatatu ilikuwa yetu. Milcah alikwenda ofisini Jumanne, akaketi mlangoni mpaka wakamsikiliza, akapewa zamu. Sasa wakataji hao hao wanakwenda kwa Osundwa, na sisi turudi nyuma ya foleni.

Milcah alisikia kila neno. Aligeuka akaenda nyumbani. Nilitamani anigombeze.

Jumapili, 11 Machi

Wameondoka. Baada ya kanisa Milcah alifunga nguo kwenye shuka, akamshika Nekoye mkono, mdogo mgongoni. Nilimwambia nina mpango mwingine. Akasema anajua, na ndiyo sababu anaondoka. Nekoye alinipungia mkono mpaka kona.

Mvua imeanza mchana huo huo. Inaingia jikoni, inaingia chumbani. Nimeweka sufuria zote chini ya matundu, sufuria zimekwisha, matundu bado. Nyumba imepwaya. Nimelia kidogo.

Gari nimelipata kwenye majivu. Injini nzima! Propela imeungua, lakini ile nyingine nzuri inaweza kuingia.

Jumanne, 13 Machi

Matrekta ya Osundwa yamepakia kutwa mbili. Jioni amekuja kwangu, amejaa furaha, amenikumbatia. Bila mimi angengoja mpaka Agosti, alisema. Amenisikitikia pia habari za Milcah, na nadhani alimaanisha. Akasema anataka kunishukuru. Katika ghala lake kuna mabati mapya yaliyobaki alipojenga, yanatosha nyumba yetu yote na jiko. Nichukue yote, bure, na fundi atamleta yeye. Milcah atarudi kabla ya wiki kwisha.

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Kisha, akicheka, akaongeza kwamba kama sitaki mabati, basi nichukue lile gari jekundu. Alikuwa ananitania. Mtu yeyote mwenye akili angejua ananitania. Alikwisha hata kuinuka aende kuwaita vijana wabebe mabati.

Nikatazama paa. Nikamfikiria Milcah, na Nekoye akipunga mkono. Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema jekundu.

Osundwa aliketi tena. Aliniuliza kama niko mzima. Nikamweleza kwamba mabati ni mabati tu, lakini magari mawili yanayokimbia yatavuta umati pale Lubao siku ya soko, na umati huo utatuletea mabati ya nyumba mbili. Akaenda akalileta, na kitambaa chake cha kufuma.

Alhamisi, 15 Machi

Mvua. Kuna mahali pakavu pamoja tu ndani ya nyumba hii, na gari jekundu limekaa hapo. Mimi nimelala nimeketi.

Leo Sellah, anayeuza ndizi kati ya Khwisero na Lubao, ameniletea ujumbe. Habari imefika huko kwamba Osundwa amenipa mabati. Milcah alifurahi mpaka akamkumbatia Sellah sokoni. Amesema kesho anarudi na watoto. Akiwa ndani ya basi barabarani akiona paa linang'aa, atateremka. Asipoona, ataendelea na safari, na nisimfuate tena.

Nataka warudi. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hiki, hata injini. Nilitembea uani huku na huku, nimelowa chapachapa, nikawaza niende kwa Osundwa nipige magoti. Bado mabati yako ghalani kwake. Ningerudisha tu gari.

Nilifika mpaka langoni nalo kwapani. Na hapo ndipo nilipokumbuka! Jana nilinunua rangi ya fedha, mkebe mzima, ya kupaka magurudumu. Nimebaki nayo nyingi. Nimeazima ngazi kwa Bibi Muhonja na niko juu ya nyumba sasa hivi, brashi mkononi, daftari hili gotini. Nyasi zimelowa na rangi inateremka kidogo, lakini nitapaka upande unaoelekea barabara tu. Kutoka barabarani, nani atajua?