Mashine Iliyonguruma Bure

Bwana Kauli hakuwa injinia, ila alikuwa na kofia ya injinia, na kwa watu wengi hiyo ilitosha. Siku alipopita kwenye jengo la Mkono wa Birika na kuona vibarua wakishindilia zege kwa vipande vya nondo, kuchoma na kuchomoa, kuchoma na kuchomoa, mate yalimjaa mdomoni. Mwenye jengo, kama lakabu yake inavyosema, alikuwa bahili wa kupindukia. Kauli alimsogelea akitikisa kichwa kama mfiwa.

"Mzee wangu, hapa unajenga au unachimba kaburi?"

"Kuna nini tena?"

"Hewa! Zege lote limejaa hewa. Lisipotetemeshwa kwa mashine, nguvu zake ni nusu. Dari itawalalia wapangaji wako."

Kuhusu hewa hakudanganya. Tapeli huyu kila mara alianza na ukweli, kisha akauacha njiani. Mashine ya kutetemesha alikuwa nayo, tena chakavu: mota ilinguruma hadi mtaa wa pili, lakini kile chuma cha kutumbukizwa kwenye zege kilikuwa kimekufa zamani, hakitikisiki hata kwa dawa.

Hakutaka pesa. Alitaka chumba. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amemwambia bila kupepesa macho, "Mwezi ukiisha sijapata pa kushonea, naenda kwetu na cherehani yangu. Usinifuate."

"Nipe chumba kimoja tu cha maduka haya," alisema Kauli, "na mashine iwe yako. Uikodishe mji mzima."

Macho ya Mkono wa Birika yaling'aa kwa tamaa. Akamwita nyapara wake, mwanamke mwenye viganja kama msasa, aliyeitwa Mama Zege. Mota ikawashwa. Mama Zege akakishika kile chuma, akausikilizia mtetemo kiganjani, akanong'ona na tajiri wake.

"Mashine safi," alitangaza.

Mbumbumbu wakubwa, aliwaza Kauli, na akautia sahihi mbio mkataba waliomwandikia: chumba cha kona, pamoja na dari yake itakayomwagwa kesho, ubovu wowote ni juu yake. Hivi mtu mzima na akili zake anasainije kitu kama hicho? Sifa zilikuwa zimemziba macho.

Kesho yake Mama Zege alimkabidhi mashine. "Injinia, dari ya kona tunakuachia wewe. Huku kwingine tutahangaika na nondo zetu."

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Akiomba nondo, amekiri kuwa mashine ni mbovu. Akinyamaza, anaiua dari yake mwenyewe. Akanyamaza. Mota ikanguruma, zege likakaa kimya kama uji uliopoa. Akaanza kulikanyagakanyaga kwa siri.

"Injinia, mbona unacheza ngoma?" mmoja wa vibarua aliuliza.

"Naongezea mtetemo!"

Wiki tatu baadaye mbao zilizoshikilia dari zilibomolewa, naye mkewe alikuwepo, cherehani kichwani. Dari za maduka matatu zilitoka laini na ngumu. Ya kona ilitoka na mapango, kokoto zikining'inia, nondo zikichungulia nje, na kwenye tundu moja jua liliingia hadi sakafuni. Kauli alitamani ardhi immeze.

"Mzee, nirudishie mashine yangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeshambadilishia mtu kwa mabati," alijibu Mkono wa Birika. "Naye aliipenda sana sauti yake."

Mke alitazama juu, akamtazama mumewe, akamgeukia Mama Zege. "Dada, hii kazi ya nani?"

"Ya mumeo, shemeji. Peke yake. Hakutaka msaada."

Mke aliitua cherehani katika duka la pili, chini ya dari nzima, akaifuta vumbi.

"Mimi nakaa hapa," alimwambia Mkono wa Birika. "Kodi atailipa huyu kwa kuwashindilia zege kwa nondo, jua likichomoza hadi likizama."

Mama Zege alimpima Kauli kutoka kofiani hadi viatuni. "Mikono anayo kweli huyu?"

"Mdomo anao," alijibu mke. "Mikono itamwota kazini."