Nisindikize Mpaka Kwangu

Jumanne, 9 Julai

Kipupwe kimekaza. Maji ya kunawa yanauma vidole kuliko nyuki. Nyuki! Nisiwataje. Kwa ajili yao mke wangu Agnetha amerudi kwa mama yake, kijiji cha pili kwenye njia ya Sikonge. Kosa langu lipi? Niliuning'iniza mzinga jikoni ili asali ikae karibu na chai. Mtu mwenye akili angenipongeza. Nyuki nao wakachagua siku ya jumuiya, akina mama wako katikati ya rozari. Mwenyekiti aliumwa mdomo, sala ikaishia njiani.

Agnetha amesema atarudi siku nitakapoutoa mzinga na kuomba samahani. Mzinga, sawa. Samahani, hapana! Mwanamume mzima haombi radhi kwa niaba ya wadudu.

Lakini nyumba ni baridi. Blanketi la watu wawili halimtoshi mtu mmoja, sijui kwa nini.

Nimepata hila. Mgeni husindikizwa. Hata umchukie vipi, ukimwacha aondoke peke yake utasemwa kijiji kizima. Basi nitakwenda ukweni kama mgeni. Agnetha atanisindikiza. Nitatembea polepole, nitanogesha mazungumzo, naye atashtukia yuko mlangoni kwake. Bila samahani!

Jumatano, 10 Julai

Nimekwenda. Matembezi ya raha kabisa: njia ya zamani ya misafara, tambarare, majani makavu yanalia chini ya kandambili. Mama mkwe nimempa shikamoo, ameitikia marahaba, akaniandalia chai na matobolwa matamu kweli. Viazi vya ukweni havina mfano. Agnetha hakuketi.

Nilipoaga, nikakohoa ili ajue zamu ni yake. Shemeji Ambrosi, kaka yake, akadakia! Akasema mgeni wa heshima haendi kwa miguu. Akanipakia kwenye baiskeli. Nimefika kwangu chai haijapoa tumboni. Na juu ya hayo nikalazimika kumshukuru.

Ijumaa, 12 Julai

Leo Ambrosi amepeleka tumbaku sokoni. Nilihakikisha kwanza. Nilipoaga, mama mkwe akamwambia Agnetha anitoe njiani. Furaha!

Nikaanza na habari za watu. Nikamwigiza mwenyekiti akisali na mdomo uliovimba. Agnetha akacheka, kisha akakumbuka amenuna. Tukavuka mbuga, tukafika kwenye kichuguu kikubwa, nusu ya njia. Hapo akasimama. Akasema inatosha, akageuka.

Peke yake! Kumwacha mke arudi porini peke yake ni uungwana gani? Nikasema nami nimsindikize. Tukafika kwao. Mama mkwe akashangaa kuniona tena, akasema mgeni asindikizwe. Tukarudi hadi kichuguuni. Nikamrudisha. Akanitoa. Tumeshinda hivyo, tunasindikizana kama wachumba, mpaka ng'ombe wa njiani wakaacha kutushangaa. Jua linazama niko kwangu, miguu imevimba, mke hayupo.

Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa njia hii hii hadi pwani. Mimi mke mmoja nashindwa kumpitisha kichuguu.

Lakini alicheka. Nilikuwa nimekisahau kile kicheko. Nampenda, basi, nimeandika.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa nikaenda. Agnetha nilimkuta ameshavaa viatu, kikapu kichwani. Sikuuliza. Wanawake hubeba vitu.

Leo porojo ziliniishia mapema. Kwenye kichuguu nikasimama mimi kwanza. Nikamwambia moto wa jikoni unanikataa. Nikamwambia nyumba ni baridi. Akasema anajua, lakini kuna neno bado sijalisema. Nikalitafuta, nikalipata, nikalitoa nusu. Nusu ya pili nikaimeza kwa kikohozi. Akanitazama muda mrefu, macho yamelowa kidogo. Kisha akapita mbele yangu, akakipita kichuguu, akaendelea kutembea.

Amesahau kugeuka! Nikamfuata kwa kunyata ili asikumbuke.

Jumatatu, 15 Julai

Agnetha anapuliza moto na kuimba. Ndani ya kikapu mlikuwa na sufuria yake, rozari, kanga na gauni la kulalia. Nimemwuliza nani husindikiza mgeni na gauni la kulalia. Amecheka tu. Maskini, mpaka sasa hajatambua nilivyomnasa.

Alipoona jikoni hakuna mzinga, alinishika mkono. Akasema, Xavery, umekua. Kwa jina langu! Siku zote mimi ni Baba Kashindye, kwa jina la mwanetu aliyeko mjini. Nikabaki nimesimama, nikataka kumwambia kila kitu.

Sikumwambia. Wala yeye hakuuliza mzinga nimeuhamishia wapi. Jikoni ndiko kulikoniponza, nyuki hawapendi moshi. Uvunguni mwa kitanda ni pazuri mno: giza, joto, na nta ya kuwaita nimeshaupaka. Asubuhi hii nyuki wawili watatu wamepita dirishani kukagua.

Wakimuuma akarudi kwao, si neno. Njia ni tambarare, na mimi ni mgeni hodari.